Jinsi ya kujisajili katika kozi za utungaji na fasihi ya Kiingereza kwenye vyuo vya Marekani

Karibu kila shahada ya kwanza nchini Marekani, hata ya uhandisi au uuguzi, inadai kozi moja au mbili za utungaji wa Kiingereza, na nyingi zinaongeza ya fasihi. Kozi ya kwanza ya utungaji ndiyo inayofungua ya pili, karibu kozi zote za fasihi, na katika vyuo vingi hata baadhi ya kozi za historia, saikolojia na mawasiliano. Anayeiahirisha kwa kuogopa kuandika hufika mwaka wa pili akakuta kozi anazozihitaji zimefungwa, kwa sababu ya krediti (vipimo vya uzito wa kozi) tatu ambazo angezimaliza zamani. Isajili muhula wa kwanza, kabla ya kozi nyingine yoyote, kisha panga zilizobaki kwa kuizunguka.

Kuna sababu nyingine ya kuitanguliza: viti vyake ni vichache makusudi. CCCC, chama cha walimu wa utungaji wa vyuo, kinapendekeza darasa la kuandika lisizidi wanafunzi 20, na ikiwezekana wawe 15, kwa kuwa mwalimu anasoma rasimu za kila mmoja na kuzijibu kwa maandishi. Vyuo vingi huvuka idadi hiyo kidogo, lakini haviwezi kuchomeka watu ovyo kama katika ukumbi wa mihadhara. Mikondo (madarasa mbalimbali ya kozi hiyo hiyo) ya saa nzuri hujaa kwanza.

Fahamu kozi unayoitafuta

Majina hutofautiana, mpangilio ni ule ule. Utungaji I unafundisha kusoma makala kwa makini, kujenga hoja, na kuandika upya rasimu hadi isimame. Utungaji II unahusu utafiti: kutafuta vyanzo, kuvipima, kuvinukuu kwa mtindo wa MLA au APA. Katika vyuo vingine Utungaji II hufanya kazi hiyo hiyo kupitia hadithi fupi, mashairi na tamthilia, kwa hiyo usishangae ukikuta fasihi ndani yake. Kila kozi kwa kawaida ina krediti 3.

Namba ndizo za kutazama, si jina. Texas wanatumia ENGL 1301 na ENGL 1302 katika vyuo vya umma. Florida ni ENC 1101 na ENC 1102. Vyuo vya umma vya Georgia vina ENGL 1101 na 1102. Vyuo vya jamii (vya umma, hasa vya miaka miwili) vya California vilianza mwaka 2025 kutumia namba za pamoja, ENGL C1000 na ENGL C1001, badala ya kila chuo kuwa na zake. Kwingineko utakuta zaidi 101 na 102. Katika mfumo wa Texas tarakimu ya kwanza ni ngazi na ya pili ni idadi ya krediti: 1301 ni kozi ya mwaka wa kwanza yenye krediti 3. Tarakimu ya kwanza ikiwa 0, hiyo ni kozi ya maandalizi. Utailipia ada, lakini krediti zake haziingii kwenye shahada.

Hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa sababu katalogi, yaani orodha ya kozi na masharti ya chuo, ina kozi nyingi zinazofanana kwa jina. Uandishi wa kubuni, uandishi wa biashara na uandishi wa kiufundi ni kozi nzuri, lakini kwa kawaida hazichukui nafasi ya Utungaji I. Kozi za Kiingereza kwa wageni nazo ziko za aina mbili, na tofauti yake ni kubwa. Ya kwanza ni ya kujifunza lugha, mara nyingi bila krediti za shahada. Ya pili ni mkondo wa Utungaji I uliotengwa kwa wanaoandika Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu: kozi ile ile, krediti zile zile, sharti lile lile limetimizwa, ila mwalimu amesomea kazi hiyo na darasa linatoa muda zaidi kwa lugha. Kama chuo chako kina mkondo wa aina hii, tunaupendekeza bila kusita. Hakikisha tu namba ya kozi ni ile inayotajwa kwenye mpango wa shahada yako.

Mpango wa shahada unaokuhusu ni wa katalogi ya mwaka ulioingia chuoni, si wa mwaka huu kama umeshakaa. Ufungue, tafuta sehemu ya masomo ya jumla, andika namba kamili zinazodaiwa na alama ya chini inayokubaliwa. Alama hiyo ni muhimu kuliko inavyoonekana. Vyuo vingi vinataka C au zaidi katika utungaji, na C yenye alama ya kutoa mara nyingi haitoshi. D inaweza kukupa krediti kwenye transkripti, yaani rekodi rasmi ya alama zako, na bado ikakuzuia kuingia Utungaji II.

Kupangiwa ngazi

Kabla ya mfumo kukuruhusu kusajili, chuo lazima kijue unaanzia ngazi gani. Njia ni nne, na chuo kimoja kinaweza kutumia zaidi ya moja: alama zako za sekondari, matokeo ya SAT au ACT (mitihani ya kitaifa ya kuombea chuo), mtihani wa kupima ngazi, au dodoso la kujipima mwenyewe ambalo linakuonyesha mifano ya kazi za darasani kisha linakuachia uchague.

California imebadilika sana hapa. Sheria ya AB 705, iliyotiwa saini mwaka 2017, inavitaka vyuo vya jamii vitumie rekodi ya sekondari na vimpe mwanafunzi nafasi kubwa kadiri inavyowezekana ya kumaliza utungaji wa ngazi ya chuo ndani ya mwaka mmoja. Kwa hiyo huko wengi huanzia moja kwa moja kozi yenye krediti. Texas bado wana mtihani wao, TSIA2, kwa wasio na msamaha: kwenye sehemu ya kusoma na kuandika unahitaji 945 pamoja na insha yenye alama 5 kati ya 8 ili uhesabiwe uko tayari, na aliye chini ya 945 ana njia nyingine kupitia sehemu ya uchunguzi wa mtihani huo huo.

Ukipangiwa mtihani, usiende bila kujiandaa kwa sababu umeambiwa "ni wa kupima tu". Matokeo yake yanaweza kukuongezea muhula mzima na ada yake. Insha ya mtihani kama WritePlacer inakupa mada yenye pande mbili na inataka uchague upande, uutetee kwa sababu mbili tatu zenye mifano, na umalize. Kinachowaangusha wengi si sarufi. Ni kuandika aya moja ndefu isiyo na msimamo, au kusifu pande zote mbili hadi mwisho. Tumia dakika tano za kwanza kuandika msimamo wako kwa sentensi moja na vichwa vya aya tatu. Acha dakika tano za mwisho za kusoma upya, ukitafuta kwanza vitenzi visivyolingana na nomino zake na sentensi zilizounganishwa kwa koma tu.

Ukikosa kiwango kwa kidogo, vyuo vingi siku hizi vitakuweka kwenye Utungaji I wa kawaida pamoja na kozi ya msaada ya krediti 1 hadi 3 inayokwenda sambamba nayo muhula huo huo. Mfano uliosambaa ulianzia Community College of Baltimore County mwaka 2007, na sababu ya kusambaa kwake ni kwamba zamani mwanafunzi aliwekwa kwenye kozi moja, mbili au tatu za maandalizi, na kila mpito kati ya kozi na kozi ulikuwa nafasi ya kukata tamaa na kuondoka. Kozi ya msaada haimdhalilishi mtu. Ni saa za ziada na mwalimu, mara nyingi yule yule, katika kundi dogo. Ukiruhusiwa kuchagua na ukawa na wasiwasi na Kiingereza chako cha kuandika, ichukue.

Je, unaweza kuiruka?

Inawezekana, na inafaa kuuliza kabla ya kulipa. Alama ya 3 au zaidi katika AP English Language (mtihani wa ngazi ya chuo unaofanywa sekondari) hukubaliwa na vyuo vingi vya umma kwa Utungaji I. AP English Literature huhesabiwa kwingine kama utungaji na kwingine kama fasihi. Vyuo vingi vina jedwali la krediti kwa A-Level za Cambridge na kwa IB (diploma ya kimataifa ya sekondari) pia. Ukiwa na vyeti hivyo, matokeo rasmi lazima yatumwe na bodi yenyewe ya mitihani. Nakala uliyopiga picha haitasogeza chochote. Transkripti ya chuo cha nje hudai tathmini ya kozi kwa kozi, kwa kawaida kutoka kwa kampuni iliyo mwanachama wa NACES, chama cha kampuni za kutathmini vyeti vya nje, na huchukua wiki kadhaa. Ianze mapema.

Kuna pia CLEP College Composition, mtihani wa kupata krediti bila kusoma kozi, wenye maswali ya kuchagua pamoja na insha mbili za jumla ya dakika 70, ya pili ikikutaka utumie vyanzo viwili unavyopewa. Vyuo vingi vinavyoukubali hutaka 50. Lakini soma sera ya chuo chako hadi mwisho: kuna toleo jingine liitwalo Modular, na chuo kinaweza kukubali moja na kulikataa jingine. Ukishindwa, unasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia.

Neno la tahadhari. Kuruka Utungaji I ni faida kwa anayeandika Kiingereza cha kitaaluma kwa urahisi. Kwa ambaye hajawahi kuandika insha ya utafiti yenye vyanzo, atakutana na kazi hiyo hiyo kwenye kozi ya mwaka wa tatu, mbele ya mwalimu asiyefundisha namna ya kuifanya.

Ondoa vizuizi kabla ya siku yako

Usajili wa muhula unaoanza Agosti kwa kawaida hufunguliwa Machi au Aprili, na wa Januari hufunguliwa Oktoba au Novemba. Huwezi kuingia siku yoyote: mfumo unakupa saa yako kulingana na krediti ulizokwisha kumaliza, na wanajeshi wastaafu, wenye ulemavu waliosajiliwa na makundi mengine hutangulia. Wanafunzi wapya husajili wakati wa siku za kuwakaribisha, kwa hiyo chagua siku ya mapema kadiri unavyoweza. Anayehudhuria kikao cha mwisho cha Agosti hupata mikondo iliyobaki.

Wiki mbili kabla, ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi utazame kama kuna kizuizi. Cha kawaida ni chanjo ambazo hazijathibitishwa, deni dogo la ada au la maktaba, transkripti ya sekondari ambayo haijafika, na kutokutana na mshauri wa masomo. Hicho cha mwisho ndicho kinachochelewesha zaidi, kwa sababu wiki ya usajili kila mwanafunzi anamtafuta mshauri yule yule. Omba miadi mwezi mmoja kabla, uende na namba za kozi umeziandika tayari, na kabla hujatoka umwombe akuondolee kizuizi mbele yako.

Kusoma mstari mmoja wa ratiba

Chukua mfano huu: ENGL 1302-014, namba ya mkondo 21873, TR 9:30–10:45, viti 0/22, kusubiri 4, mwalimu "Staff".

014 ni mkondo, yaani darasa moja kati ya mengi ya kozi hiyo hiyo. Namba ya tarakimu tano ndiyo utakayoingiza kwenye mfumo. Kosa la tarakimu moja linakupeleka darasa jingine kabisa. TR ni Jumanne na Alhamisi: katika ratiba nyingi T ni Jumanne na R ni Alhamisi, na kila muhula kuna wanaodhani R ni kosa la uchapaji. Saa ni za hesabu ya Marekani, kwa hiyo 9:30 ni saa tatu na nusu asubuhi. Darasa la siku mbili huwa la dakika 75, na la MWF, yaani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, huwa la dakika 50. Kwa utungaji dakika 75 zinatosha kuandika na kujadili rasimu kwa kikao kimoja. Dakika 50 zinamfaa anayechoka upesi au anayehitaji kusukumwa mara tatu kwa wiki. "Viti 0/22" katika mifumo mingi ni viti vilivyobaki, lakini katika mingine ni waliosajiliwa, kwa hiyo soma kichwa cha safu. "Staff" inamaanisha mwalimu hajapangwa bado. Si dalili mbaya.

Kisha tazama namna ya ufundishaji. Kuna darasa la ana kwa ana, la mchanganyiko, la mtandaoni lenye saa maalumu, na la mtandaoni lisilo na saa. Hilo la mwisho huvutia wenye kazi, na ndilo wengi huliacha katikati, kwa sababu hakuna anayekuuliza rasimu iko wapi hadi siku ya kuiwasilisha. Tungependa Utungaji I uuchukue ana kwa ana kama unaweza, na fasihi ndiyo uipeleke mtandaoni.

Tarehe za mwanzo na mwisho nazo zina uzito. Kanuni ya krediti ni saa moja ya darasa na takribani saa mbili za kazi nje ya darasa, kila wiki, kwa wiki kama 15. Krediti 3 basi ni saa 9 kwa wiki, jumla saa 135. Kozi ile ile ikibanwa kwenye wiki 8 ni karibu saa 17 kwa wiki, na kwenye wiki 5 za kiangazi ni saa 27. Utungaji unaumia zaidi kwa kubanwa kuliko masomo mengine, maana rasimu inahitaji kulala siku mbili tatu kabla hujaiona makosa yake.

Siku yenyewe

Andaa mikondo mitatu: unaoutaka, wa pili, na mmoja usiogombaniwa, kwa mfano wa Ijumaa au wa jioni. Iweke yote kwenye kikapu cha mfumo siku moja kabla, kwa sababu mifumo mingi inakuruhusu kukagua kama masharti yametimizwa kabla ya kusajili. Saa yako ikifika, sajili utungaji kwanza, uthibitishe umeingia, ndipo uendelee na nyingine.

Ukigomewa, soma ujumbe. Kosa la sharti la awali kwa kawaida linamaanisha alama zako za kupima ngazi au krediti za chuo kingine hazijaingizwa. Anayerekebisha ni ofisi ya msajili au ya upimaji, si mwalimu. Kosa la kozi sambamba hutokea unaposajili Utungaji I wenye msaada bila kozi yake ya msaada, au umechagua mkondo wa msaada usiooana na mkondo mkuu. Ingiza namba zote mbili kwa pamoja, ubofye mara moja. Kosa la viti vilivyohifadhiwa linamaanisha mkondo umetengewa kundi fulani, na mara nyingi hufunguliwa kwa wote karibu na muhula kuanza. Unapoandika barua pepe kuomba ruhusa maalumu, tumia anwani ya chuo, utaje jina kamili, namba ya mwanafunzi, namba ya kozi na ya mkondo, na unakili ujumbe wa kosa neno kwa neno. Barua isiyo na hayo hurudishiwa maswali, na siku mbili zinapotea.

Mikondo yote ikijaa, ingia orodha ya kusubiri. Nafasi ya nne katika darasa la watu 22 ina matumaini, kwa sababu wengi hupanga upya wiki ya kwanza na wengine huondolewa kwa kutolipa. Ya kumi na tano haina. Kuna njia mbili za kuipoteza nafasi hata zamu yako ikifika: mfumo unashindwa kukuingiza kwa sababu saa zinagongana na kozi nyingine au utavuka krediti zinazoruhusiwa, au unakupa saa 24 kuthibitisha na wewe hukufungua barua pepe. Ukiwa bado unasubiri siku darasa linapoanza, nenda darasani ikiwa chuo kinaruhusu, ujitambulishe kwa mwalimu, ufanye kazi ya kwanza kama wengine.

Kuchagua fasihi

Kozi za fasihi za mwaka wa pili hudai Utungaji I, mara nyingi na II. Za mapitio huja kwa jozi. Fasihi ya Marekani hukatwa karibu na mwaka 1865, mwisho wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Ya Uingereza hukatwa mwishoni mwa karne ya 18. Texas ni ENGL 2327 na 2328 kwa Marekani, 2322 na 2323 kwa Uingereza, 2332 na 2333 kwa fasihi ya dunia. Kwa kawaida si lazima uanze na ya kwanza. Nusu ya pili ina Kiingereza kilicho karibu zaidi na cha leo, na kwa asiyezoea Kiingereza cha karne za nyuma hilo ni jambo la kuzingatia kwa uzito. Fasihi ya dunia husomwa kwa tafsiri ya kisasa ya Kiingereza, kwa hiyo ugumu wake uko kwenye upana, si kwenye lugha.

Uliza idadi ya kurasa za wiki. Kozi ya riwaya inaweza kudai riwaya moja kila wiki mbili. Ya mashairi ina kurasa chache lakini kila moja inasomwa mara nne. Anayesoma polepole kwa makini hufanya vizuri zaidi kwenye mashairi na hadithi fupi kuliko anavyodhani. Angalia pia kama kozi inatimiza sharti mbili kwa mpigo: vyuo vingi vinaihesabu fasihi ya Afrika, ya wahamiaji au ya wanawake kama masomo ya jumla na pia kama sharti la tamaduni mbalimbali. Hiyo ni krediti 3 umeziokoa, na unasoma unachokipenda.

Usisajili Utungaji II na kozi mbili za fasihi muhula mmoja. Insha za mwisho huangukia wiki ile ile.

Wiki ya kwanza, vitabu, na kujitoa

Sheria ya shirikisho inavitaka vyuo vionyeshe vitabu vinavyohitajika na namba zake za ISBN kwenye ratiba wakati wa usajili, kadiri inavyowezekana. Tafuta kwa ISBN, si kwa jina, hasa kwa mikusanyiko ya fasihi: toleo jingine lina kurasa tofauti na huenda likakosa hadithi tatu za kozi yako. Kwa utungaji, subiri silabasi kabla ya kununua, kwa kuwa walimu wengi hutumia vitabu huria vya bure.

Hudhuria kikao cha kwanza bila kukosa. Vyuo vingi humwondoa asiyeonekana ili kumpa nafasi aliye kwenye orodha, na mtandaoni "kuonekana" ni kuwasilisha kazi ya kwanza, si kuingia tu kwenye tovuti. Soma silabasi siku hiyo hiyo: sera ya kuchelewa, idadi ya kukosa inayokushusha alama, msimamo wa mwalimu kuhusu zana za akili bandia, na uzito wa kila insha. Ukiona haikufai, badilisha mkondo ndani ya kipindi cha kuongeza na kuondoa kozi, ambacho mara nyingi ni wiki moja tu.

Kozi ikikushinda baadaye, zijue tarehe mbili. Ukiondoa kabla ya siku ya hesabu rasmi, haionekani kwenye transkripti. Texas ni siku ya 12 ya masomo katika muhula mrefu. Ukijitoa baada ya hapo unapata W, ambayo haishushi wastani lakini huhesabiwa kama kozi uliyojaribu bila kuimaliza, na wenye msaada wa fedha wa shirikisho wanaweza kuupoteza wakizizidisha. Vyuo vya umma vya Texas pia vina kikomo cha kujitoa kozi sita kwa waliojiandikisha mara ya kwanza kuanzia muhula wa vuli wa 2007, pamoja na misamaha yake.

Mwenye viza ya F-1, yaani ya mwanafunzi wa kigeni, ana sheria ngumu zaidi. Lazima awe na angalau krediti 12, na kati ya hizo ni kozi moja tu ya mtandaoni, au krediti 3, inayohesabiwa. Asiondoe kozi yoyote itakayomshusha chini ya 12 kabla ya kupata idhini ya afisa wa wanafunzi wa kimataifa, yaani DSO, kwenye SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni. Kuomba baada ya kuondoa ni kuchelewa. Lakini kanuni zenyewe zinataja ugumu wa mwanzo wa lugha ya Kiingereza au wa kusoma, na kupangiwa ngazi isiyofaa, kuwa sababu halali za kupunguziwa mzigo, mradi zibaki angalau krediti 6. Ruhusa hiyo hutolewa mara moja kwa kila ngazi ya shahada, kwa hiyo ikiwa Utungaji I ndio unaokulemea, zungumza na DSO mapema, ukiwa na barua ya mwalimu.

Jambo la mwisho ni usajili wa Utungaji II, ambao hufunguliwa kabla hujapata alama ya I. Mfumo utakuruhusu kwa kuwa kozi bado inaendelea, kisha utakuondoa wenyewe ukikosa C. Sajili hata hivyo, na uangalie ratiba yako tena siku alama zinapotoka. Kama unakusudia kuhamia chuo kingine, au kuchukua II kiangazi kwenye chuo cha jamii, pata kwanza kwa maandishi kibali cha chuo utakakopeleka krediti, na uhifadhi silabasi za kozi zote mbili katika PDF pamoja na insha zilizosahihishwa, maana ndizo zitakazoombwa kama namba za kozi hazilingani.